Kichwa cha Treni Kikigoma, Fuata Njia ya Umeme

Treni ya rimoti ya mtoto ikigoma, lawama za kwanza huiangukia mota. Mzazi anabonyeza rimoti, anabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kichwa cha treni kimenyamaza juu ya reli, na hukumu inatoka hapohapo: imeungua hiyo, tutanunua nyingine mwisho wa mwezi. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya uonevu. Mota ndogo ya treni ya kuchezea haifi kirahisi. Ndani yake mna sumaku, waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, na vibati viwili vyembamba viitwavyo brashi, vinavyopeleka umeme kwenye waya huo. Vinavyokufa mapema ni vitu vidogo vilivyoizunguka: springi iliyoota kutu, waya uliochomoka, gia iliyopasuka, unywele uliojisokota kwenye ekseli. Karibu vyote vinatengenezeka nyumbani, mezani, mtoto mwenyewe akiwa amekaa pembeni anakushikia tochi.

Nazungumzia hasa treni za betri, zile za plastiki zinazouzwa Kariakoo, Mombasa na Nairobi, au zinazoletwa na jamaa kutoka Dubai na Muscat. Ndani ya kichwa cha treni kama hiyo umeme una njia moja tu: unatoka kwenye betri, unapita springi za kisanduku, swichi, kisha bodi inayopokea amri za rimoti, unafika kwenye mota, mota inazungusha gia, gia zinazungusha ekseli. Ifuate njia hiyo kwa mpangilio, bila kuruka kituo, mpaka ufike inapokatika. Anayekimbilia mota moja kwa moja hufungua skrubu nyingi asizohitaji kuzifungua, na matundu ya skrubu kwenye plastiki laini hayavumilii kufunguliwa na kufungwa mara nyingi.

Vifaa si vingi. Bisibisi ndogo ya nyota, mswaki mkuukuu, spiriti, siki, msasa laini, mafuta ya cherehani na mita ya kupimia umeme. Hiyo mita usiikwepe. Hata ile ya bei ndogo kabisa inatosha, na itakufaa kwa tochi, redio na chaja za simu. Weka pia kifuniko cha ndoo au sinia la kuwekea skrubu, maana skrubu ya treni ikidondoka sakafuni hupatikana baada ya mtoto kuikanyaga. Baadhi ya treni zina skrubu zenye tundu la pembetatu, zimewekwa makusudi ili watoto wasifungue. Bisibisi bapa nyembamba inayoenea vizuri upande mmoja wa pembetatu hiyo huzifungua, mradi ukandamize sana na kuzungusha polepole.

Kwenye betri ndiko kwenye ugonjwa mwingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Betri dhaifu haina alama usoni, na kuipima ikiwa imekaa mezani kunaweza kukudanganya. Betri ya zinki na kaboni, ile ya bei rahisi inayouzwa kila duka la mtaani, itakuonyesha volti 1.5 ikiwa imetulia. Ukiipa mota kazi, volti zinaporomoka. Betri hizo zinafaa kwa vitu vinavyokula umeme kidogo kama saa ya ukutani na rimoti ya televisheni, ilhali mota huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, hasa inapoanza kuondoka na mabehewa nyuma. Dalili yake ukiijua huisahau: treni inawasha taa vizuri, inapiga honi vizuri, lakini ukibonyeza mbele, taa zinazima na kila kitu kinajianzisha upya. Hapo bodi haina kosa. Mota imeinyang'anya umeme. Pima betri huku treni imeinuliwa na magurudumu yanazunguka, kisha yashike magurudumu kidogo kwa kidole. Ukiona volti zinashuka sana kila unaposhika, umempata mkosaji.

Nunua za alkali, au bora zaidi, nunua zile za kuchaji za nikeli. Za kuchaji zina volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, kwa hiyo treni ya betri nne itapata 4.8 badala ya 6 na itakwenda polepole kidogo, lakini zinahimili mzigo bila kuyumba, na kwa mtoto anayecheza kila jioni zinarudisha gharama yake haraka. Usichanganye mpya na kuukuu, wala alkali na kaboni. Zikiwa zimefungwa mfululizo, iliyochoka inaishiwa mapema, wenzake wanaendelea kuisukumia umeme kinyume, nayo inavimba na kuvuja.

Na uvujaji ndio unaoua treni zilizohifadhiwa. Fungua kisanduku utazame springi: ukiona unga mweupe au rangi ya kijani, betri imevuja. Vaa glovu, usijiguse machoni. Betri ya alkali huvuja kitu kikali cha jamii ya magadi, na dawa yake ni siki au maji ya ndimu kwenye pamba. Itachemka kidogo, acha itulie, futa, kisha pitisha spiriti ili siki yenyewe isibaki ikala chuma. Ikikauka, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Tanga, Unguja, Mombasa na kwingineko pwani, tuna tatizo la ziada: hewa ya chumvi inaotesha kutu springi hata kama betri haijavuja. Baada ya kuzisafisha, pakaa mafuta ya mgando kidogo sana, utando usioonekana, yazuie hewa. Kama springi imelala na haisukumi tena, ivute taratibu irefuke.

Usiishie upande unaoonekana. Nyuma ya kila springi kuna waya mwembamba uliolehemiwa, na maji ya betri hupenda kupanda ndani ya ganda lake. Nje unauona mwekundu na mzima, ndani shaba imekuwa nyeusi na imekatika. Uvute polepole kwa vidole. Ukivutika kama mpira, ndani hamna kitu. Ukate mpaka ufike kwenye shaba safi, au uubadilishe wote. Swichi nayo huota utando ndani: tia tone la spiriti na uisogeze mbele na nyuma mara nyingi, kisha pima kwa mita kama inapitisha.

Umeme ukiwa umefika kwenye bodi na treni bado imenyamaza, geukia rimoti. Kwanza jua ni ya aina gani. Ya miali, kama ya televisheni, ina kitaa kidogo mbele kinachofanana na ushanga, na lazima ielekezwe kwenye treni. Iwashe mbele ya kamera ya simu, bonyeza kitufe, utazame kwenye kioo cha simu: kitaa kikiwaka rangi ya zambarau au nyeupe, rimoti inatoa amri. Jaribu kamera ya mbele, kwa kuwa ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachoificha miali hiyo. Rimoti ya aina hii hushindwa na jua. Treni inayokataa barazani saa sita mchana na kukubali sebuleni jioni si mbovu.

Rimoti ya redio ya zamani hutumia masafa ya megahezi 27 au 49, na mara nyingi imeandikwa hivyo mgongoni. Watoto wawili wakiwa na vitu vya masafa yaleyale, mmoja ataendesha treni ya mwenzake bila kutaka. Ndani ya kichwa cha treni kuna waya mmoja mrefu usiofika popote. Huo ni antena. Usiukate ukidhani ni mabaki. Za siku hizi ni za gigahezi 2.4, na hizo zinahitaji kutambuana kila zinapowashwa. Kwa nyingi, unawasha treni kwanza, kisha rimoti, vyote viwili vikiwa karibu, unasubiri taa iache kupepesa. Treni za LEGO za tangu mwaka 2018 hutumia Bluetooth: unabonyeza kitufe cha kijani kwenye kisanduku cha betri na kile cha rimoti, taa zinapepesa nyeupe, kisha zinatulia kwenye rangi moja. Mara nyingi mtoto anayelalamika kuwa treni yake haisikii amebadilisha rangi ya njia kwenye rimoti bila kujua, akaiacha treni kwenye njia ya zamani.

Kuna ugonjwa mmoja wa redio unaowasumbua watu bure. Treni inatii ikiwa karibu, lakini ikisogea mbali kidogo inashtuka-shtuka, inakwenda na kusimama. Mtu anabadilisha betri za rimoti na hali ni ileile. Tazama mota. Kati ya nguzo zake mbili panatakiwa kuwa na kapasita ndogo, kitu kama dengu la kahawia au la bluu, limeandikwa 104. Kazi yake ni kumeza cheche za mota ili kelele zake zisikizibe masikio kipokezi cha redio. Ikiwa imekatika mguu au fundi aliyepita aliitoa, lehemu nyingine. Kila bodi ya redio kuukuu ina kapasita za namna hiyo, na fundi wa redio wa mtaani kwako atakupa bila hata kukudai.

Sasa ndiyo zamu ya mota. Kata au toa waya mmoja unaotoka kwenye bodi, chukua betri mbili zilizofungwa mfululizo, yaani volti 3, gusisha waya zake moja kwa moja kwenye nguzo za mota. Ikizunguka, mota ni nzima. Ikilia bila kuzunguka, isukume kidogo kwa kidole. Ikiondoka, ilikuwa imekwama au brashi zake zina uchafu, na tone la spiriti kwenye matundu ya mgongoni, huku ukiizungusha kwa mkono, huweza kuifufua. Acha ikauke kabisa kabla ya kuipa umeme, kwa kuwa spiriti inashika moto na mota inatoa cheche. Ikiwa kimya kabisa, ndipo ninapokubali imekufa. Mota inayotumika kwenye treni nyingi ni ile bapa ya pande mbili, urefu wa mwili wake ni kama milimita 25, mhimili wake milimita 2, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye magari ya kuchezea yaliyovunjika. Ukiiweka mpya na treni ikarudi nyuma unapobonyeza mbele, badilishanisha waya mbili, basi.

Mara nyingi mota inazunguka na kulia kwa furaha, magurudumu yametulia. Kwa watoto wenye dada zao na kwa nyumba zenye zulia, jibu la kwanza ni nywele. Geuza kichwa cha treni, mulika ekseli kwa karibu. Utaona kitu kama kipete cheusi kilichobana kati ya gurudumu na fremu: ni nywele na nyuzi zilizojizungusha mpaka zikawa ngumu kama mbao. Zikate kwa ncha ya wembe, uzitoe kwa sindano. Usizivute, zinaingia ndani zaidi. Kama hamna nywele, tazama gia ndogo iliyoshindiliwa kwenye mhimili wa mota. Ya plastiki hupasuka ufa mmoja mwembamba kuanzia tunduni, ikaanza kuzunguka bure; ukiibana kwa kibano huku mota ikienda utauona ufa unafunguka na kufunga. Gundi haitashika pale, plastiki yake haishikani na gundi. Tafuta nyingine yenye meno idadi ileile, kutoka kwenye mota ya toi lililokufa, uishindilie taratibu. Sauti ya tak-tak-tak kila mzunguko wa gurudumu ina maana gia ya kwenye ekseli yenyewe imepasuka au imekosa jino.

Kwenye gia tumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kila mhimili, au grisi nyepesi kidogo kwenye meno. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukusanya vumbi. Na mafuta yoyote yale yasifike kwenye mpira wa gurudumu, maana kazi ya mpira huo ni kung'ang'ania reli. Mpira huo ukipotea au ukikauka, kichwa cha treni kitazungusha magurudumu palepale na mabehewa hayatasogea. Kata pete nyembamba kutoka kwenye shingo ya puto, uivishe gurudumu mahali pa mpira wa zamani. Inakaa vizuri, haiyumbishi treni, na puto moja linatosha magurudumu mengi.

Bodi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kama betri, waya, rimoti na mota vyote vimepita mtihani na bado hakuna uhai, tazama kama kuna mguu uliochomoka au harufu ya kuungua, lehemu kinacholehemeka, lakini usipoteze siku nzima ukifukuzia chipu isiyo na jina. Chukua bodi ya gari la rimoti lililovunjika, la volti zilezile, pamoja na rimoti yake, maana hivyo viwili haviachanishwi. Gari lina njia mbili za amri: mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Ya kwanza ipe mota ya treni. Ya pili, ile ya usukani, itakuja kukufaa kwenye taa na honi, na treni yako itakuwa imepata zaidi ya ilichokuwa nacho dukani.

Kwa walioletewa treni inayopata umeme kwenye reli, nina neno moja tu, lakini lina uzito. Kabla ya kuchomeka chaja au adapta yake ukutani, soma maandishi yake. Marekani hutumia umeme wa volti 120, Tanzania 230 na Kenya 240. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 ni salama, unahitaji kichwa cha plagi tu. Iliyoandikwa 120 peke yake itaungua, na inaweza kuanzisha moto. Ikiwa salama na treni inakwenda kwa kusitasita, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, kisha magurudumu.

Kichwa kikishapona, maombi ya watoto yanaanza. La kwanza ni mwendo: baba, iende kasi. Hapo ndipo ninapowasihi wazazi wakatae kuongeza volti. Treni ya volti 6 ukiipa 9, chipu inayoendesha mota inapata joto kupita kiasi, brashi zinaliwa, na kwenye kona ya kwanza kichwa kinalala ubavu. Kinachoifanya treni ndogo ipendeze ni nguvu ya kuvuta. Nguvu hiyo hutokana na uzito. Vichwa vya plastiki ni vyepesi mno, ndiyo maana vinateleza. Ongeza nati na washa za chuma ndani, juu kabisa ya ekseli inayozungushwa na mota, uzibane kwa gundi ili zisilie wala kuhama. Chubwi za wavuvi zina uzito mzuri, lakini ni za risasi, na risasi ni sumu kwa mtoto, ziache baharini. Ongeza kidogo kidogo, ukijaribu na mabehewa yote. Magurudumu yakianza kushindwa kuteleza hata ukikishika kichwa kwa mkono, umezidisha: mota ikikwama kabisa ndipo inapoungua.

Kuna treni nyingine zinatoka kiwandani zikiwa na kasi ya kutisha, hazina kati, ni kusimama au kukimbia. Za hivyo zipunguze. Diodi ya kawaida, ile nyeusi yenye mkanda wa fedha iitwayo 1N4007, inakula kama volti 0.7 umeme unapopita. Kwa kuwa umeme wa mota hugeuka treni inaporudi nyuma, weka mbili ubavu kwa ubavu zikitazamana kinyume, kwenye waya mmoja wa mota. Jozi moja utaona tofauti, jozi mbili treni itaanza kutembea kama treni.

Taa ndizo zinazowapa watoto furaha kuliko yote, na ni rahisi. Taa nyeupe ya LED inahitaji kama volti 3, kwa hiyo lazima ifungwe pamoja na resista. Kwa treni ya volti 6, ya ohmu 220 inafaa. Nzuri zaidi ni taa zinazofuata mwelekeo. Chukua mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zifunge mgongo kwa mgongo, mguu mrefu wa moja kwenye mguu mfupi wa nyingine, zishirikiane resista moja, kisha ziunge kwenye nguzo mbili za mota. Treni ikienda mbele inawaka ya mbele, ikirudi inawaka ya nyuma, bila amri yoyote ya ziada. Kila moja inamkinga mwenzake dhidi ya umeme wa kinyume.

Wapo watakaotaka kuondokana na betri za dukani kwa kutumia za lithiamu, zile za mviringo zinazotolewa kwenye betri za kompyuta. Kwa treni ya betri tatu, moja ya volti 3.7 inatosha. Lakini ifungwe na bodi yake ya kuchajia yenye ulinzi, isichajiwe usiku watu wamelala, na iliyovimba, iliyobonyea au iliyochanika ganda isiingie ndani ya nyumba. Kama hujawahi kulehemu, mpelekee fundi. Na betri za kidonge, zilizomo kwenye rimoti ndogo, mlango wake ufungwe kwa skrubu: mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni inaweza kumchoma ndani ya saa mbili tu, na ukishuku jambo hilo unakwenda hospitali hapohapo. Sumaku za kuunganishia mabehewa nazo zikichomoka usiziache sakafuni.

Umbo na rangi ndipo pa kujiachia. Treni za madukani zinafanana na za Marekani ya zamani, na mtoto wa Dar es Salaam ambaye ameona treni za reli ya kisasa, SGR, tangu safari za Morogoro zilipoanza Juni 2024 atataka Mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka. Pua yake inatengenezeka kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na kufunikwa karatasi zilizolowekwa kwenye gundi ya mbao, tabaka baada ya tabaka, ikikauka unapiga msasa. Kabla ya kupaka rangi, lowanisha mwili wa plastiki kwa maji ya sabuni, usugue, ukauke. Usipofanya hivyo rangi itabanduka kama ganda. Pulizia nje, upepo ukiwa umetulia, tabaka jembamba mara tatu badala ya nene mara moja, na rangi isiguse vibati vya betri wala magurudumu.

Mimi ningependa watoto wetu watengeneze pia Garratt, kichwa cha treni ya mvuke cha zamani. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, za rangi ya damu ya mzee, kila moja na jina la mlima. Mbili zipo katika Jumba la Makumbusho la Reli Nairobi, namba 5918 na 5930, nazo zinaitwa Gelai na Shengena, milima iliyo Tanzania. Pima upana kati ya reli zako: ukipata milimita 45, kipimo cha treni za kuchezea za LGB za Ujerumani, basi kwa udogo wa 1 kwa 22.5 reli hizo ni karibu sawa na reli yetu ya mita moja, na chochote utakachojenga juu yake kitakuwa na uwiano wa kweli.

Garratt ina fremu mbili zenye magurudumu na boila limening'inia katikati, kwa hiyo unahitaji vichwa viwili vya bei rahisi. Viondoe miili, vipeane migongo, boila la bomba la plastiki likae juu ya skrubu moja kila upande ili fremu zigeuke zenyewe kwenye kona. Usifunge mota zote mbili kwenye bodi moja; bodi ya treni ndogo haiwezi kulisha mbili. Acha moja ivute, na kwenye fremu ya pili toa gia ya mota kabisa, la sivyo magurudumu yake hayatazunguka na treni itakuwa inaburuta breki. Usijenge urefu kamili. Garratt halisi ilizidi mita 30, na kwa uwiano huo ingezidi mita 1.3, isingepita kona yoyote ya sebuleni. Lifupishe boila, kisha kabla ya kupaka rangi isukume kwa mkono mzunguko mzima wa reli, ukitazama mahali katikati yake inapojitokeza ndani ya kona na ncha zake zinapojitokeza nje. Nguzo, stesheni na miguu ya makochi visogezwe mpaka pande zote mbili zibaki na upana wa kidole.